Adolphe wa Mi-temps ya Kwanza

Yaya yangu Adolphe, ndugu yangu mukubwa, alikuwa na miguu mbili, kama watu wote, lakini haikuwa na urefu moja. Ya kushoto ilikuwa mufupi. Si mufupi ya kukimbiza watoto, hapana. Ya kutosha tu kwamba akisimama kwa muguu ya kuume alikuwa mutu murefu, na akisimama kwa ya kushoto alikuwa mutu mwingine. Akitembea, uliona wale watu wawili wakipokezana njia nzima.

Naanza na hii kwa sababu mu Mudzipela, mutaa yetu ya Bunia, kungali watu wanaosema alimuoa Honorine kwa dawa. Ati aliweka kitu mu maziwa ya muzee, baba mukwe yake. Aka! Dawa gani? Mimi nilikuwa pale, nimejifunga kikwembe yangu mupya, nimesimama karibu ya mavi ya ng'ombe tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikuona dawa. Niliona kitu ingine. Nitaisema leo vizuri, halafu mutu asinirudilie tena na ile upuzi.

Mimi ni Godelive, ndugu yake mudogo. Siye ni Waalur, watu wa Mahagi. Baba alituleta Bunia tukiwa wadogo, juu ya camion ya kubeba samaki ya chumvi, na ni njiani pale Adolphe alianguka. Camion ilipinda, samaki ikateleza, Adolphe akateleza na samaki. Paja ikavunjika. Mutu mumoja wa kijiji kile akamufunga na vipande ya mianzi, kwa roho nzuri kabisa, na mufupa ikashikana. Lakini mwisho moja ilipita kando ya ingine, ikashikana vile vile imepishana, na muguu ikabaki mufupi. Baba alisema tumushukuru Mungu, mutoto anatembea. Mama alimushukuru Mungu, lakini samaki ya chumvi hakula tena.

Alipokomaa, Adolphe akawa fundi wa kushona kwenye soko ya Mudzipela. Kwa kazi ile muguu haina maneno: unakaa, unapiga pedali, mashini inaenda. Ilikuwa miaka ya abacost, ile koti ya kufunga mpaka shingoni, kila mutu wa bureau alitaka yake, na kravati ilikatazwa. Majina ya ubatizo pia ilikatazwa. Kwenye karte ya utambulisho yaya yangu alikuwa Ukumu, na kama mutu wa Chama anapita sokoni tulimuita citoyen Ukumu, mwananchi Ukumu, tena kwa sauti. Mutu wa Chama akisha kupita, tulimurudisha Adolphe.

Kupima suruali ilimufundisha jambo moja: karibu kila mutu iko na muguu moja mufupi kuliko ingine. Kidogo tu, pengine upana ya kidole, lakini iko. Wakubwa pia. Adolphe alikata upande moja ya suruali mufupi kidogo, hakusema neno, na mukubwa aliondoka akisema fundi huyu anajua kazi. Nilimuuliza kwa nini hawaambii. Akanijibu: "Niwaambie ya nini? Yao inafichika ndani ya suruali. Yangu ndiyo ilikataa kujificha."

Sasa, ballon, mupira ya miguu. Utaniuliza: mutu wa muguu mufupi anacheza ballon? Anacheza. Tena watu walitoka mbali kuja kumuangalia. Sababu ni kiwanja. Kiwanja yetu ya Mudzipela ilikuwa imeinama, na si kutoka goli mpaka goli. Ilikuwa imeinama kwa ubavu, kutoka nyumba za juu kushuka mpaka kwenye mufereji. Kama timu yetu inashambulia goli ya upande ya soko, kilima inakuwa mukono ya kushoto. Basi Adolphe akikimbia kwenda kule, muguu mufupi inakanyaga udongo ya juu, muguu murefu inakanyaga udongo ya chini, na mwenyewe katikati iko sawa kama meza. Hakuna beki aliyemushika. Niliona wanaume wazima, mababa ya watoto, wakikaa chini kwa kumukosa.

Lakini ballon iko na mi-temps mbili, vipindi mbili, na kwa ya pili timu zinabadilisha goli. Sasa kilima iko kuume. Muguu murefu inakanyaga juu, mufupi inakanyaga chini, na shida inakuwa mara mbili. Nilimuona Adolphe akikimbia kwenda goli na kufika kwenye mufereji. Alikuwa hachagui, udongo ndiyo ilichagua. Watu wakamupa jina: Adolphe wa mi-temps ya kwanza. Kama capitaine wetu anapoteza kura ya kuchagua goli, walimukalisha inje mpaka ya pili, lakini jina ilibaki ile ile.

Entraîneur, mwenye kufundisha timu, alikuwa mwalimu Fulgence, mutu wa gymnastique, alisomea Kisangani. Fulgence alieleza kila kitu. Ukianguka mbele yake, kabla ya kukuinua anakuambia kwa nini umeanguka. "Mutu anayetembea," alisema, "ni mutu anayeanguka mbele, na kila mara muguu inafika kumuzuia. Adolphe pia anaanguka vizuri. Shida ni kwamba muguu moja inafika mapema na ingine inachelewa." Adolphe alimuheshimu sana. Mimi pia nilimuheshimu, lakini sikukaa karibu, kwa sababu niko na kazi nyumbani.

Honorine alikuja sokoni na kitambaa ya gauni, robe kama tunavyosema. Alikuwa binti ya muzee Félicien, Wahema, watu wa ng'ombe, wanaokaa juu ya kilima upande ya njia ya Kasenyi. Alishuka Bunia kuuza maziwa na siagi. Siku ya kwanza alileta kitambaa. Siku zilizofuata alileta sababu: mara mukono inabana, mara kifungo imepotea. Ile robe ilifunguliwa na kushonwa tena mpaka kitambaa ikachoka. Adolphe hakusimama hata siku moja mbele yake. Alikaa kwenye mashini, mwanaume kamili kuanzia kiuno kwenda juu, na kiu ikimushika alikaa nayo mpaka Honorine aende.

Halafu siku moja mvua ilipiga, Honorine akaacha chungu yake ya siagi inje, na Adolphe akasahau, akasimama, akaenda kuichukua. Aliporudi aliona Honorine anamuangalia miguu. Aliniambia kwamba pale alitaka kufa, lakini chungu ilikuwa mukononi.

"Kumbe ni weye ule wa mi-temps ya kwanza!" Honorine akasema.

"Ulikuja kuangalia ballon?"

"Naangaliaga. Mi-temps ya pili natokaga, inaniumaga roho."

Tangu siku ile hakuleta tena sababu. Alikuja tu.

Mambo ikafika kwa wazazi, na kwa wazazi hakukuwa na matata. Muzee Félicien alisema Mualur ni mutu, tena mukatoliki, na fundi hakosi kula. Matata ilikuwa maziwa. Kwao, na sisemi kwa Wahema wote, nasema kwa muzee Félicien na ndugu zake, mukwe anabeba maziwa. Siku ya kuleta ng'ombe ya mahari, wanakamua asubuhi, wanajaza chungu iliyochongwa mu muti mpaka maziwa inasimama kwenye mudomo kabisa, na mukwe anaipokea kwa mikono mbili chini, kwenye mulango ya lupango, ni kusema zizi ya ng'ombe. Anapanda nayo mpaka kwa baba mukwe, aliyekaa juu mbele ya nyumba yake. Hakuna kifuniko. Maziwa ikigusa udongo, wanakushukuru kwa kuja na unarudi kwenu na ng'ombe zako. Hakuna kurudi kujaribu mwaka kesho. Dada mukubwa wa Honorine alipoteza bwana hivyo, mufanyabiashara wa chumvi, mutu wa miguu mizuri kabisa. Kikohozi ilimushika njiani. Muzee alisikitika, kwa sababu alimupenda yule kijana, lakini maziwa ilikuwa chini.

Yule aliyeshika hii desturi kwa nguvu alikuwa shangazi ya Honorine, mama Brigitte. Alishuka Bunia kumuangalia Adolphe, akamuona akivuka soko, akacheka kwanza mpaka akapangusa macho.

"Huyu?" akasema. "Anayetembea anakubali na kukataa? Atamwaga kabla hajaondoka."

Jioni ile Adolphe alikaa kwenye kibaraza yetu na kutoa machozi, na mimi nilikuwa sijawahi kumuona akilia tangu ile camion. "Godelive," aliniambia, "nikimwaga, imekwisha. Watamupa mutu mwingine, na mimi nitakaa kwenye mashini kumushonea robe ya arusi." Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Nilikuwa tayari kwenda kupigana na mama Brigitte sokoni, mbele ya watu. Adolphe akasema hapana, twende kwa Fulgence.

Fulgence alifurahi sana, kama mutu aliyepata mugonjwa muzuri. Alimutembeza Adolphe mu lupango yetu, kati ya nyumba na uzio, mbele na nyuma, yeye mwenyewe ameinama anaangalia kitovu ya yaya yangu. Mama aliuliza kama mwalimu anajisikia vizuri. Fulgence akaeleza: uzito ya mutu, tuseme iko karibu ya kitovu. Mutu akitembea, kitovu inapanda na kushuka kidogo. Ya Adolphe inapanda, inashuka, na inaenda kuangalia kando. Kila mahali kitovu inaenda, maziwa itasikia habari. "Tena maziwa iko na mwendo yake," akasema. "Ukiisukuma, inaenda na kurudi. Ukitembea kwa mwendo ile ile yake, munasaidiana kumwaga. Lazima utembee taratibu kuliko yenyewe, magoti imekunjwa, na magoti ndiyo ikule ile kupanda na kushuka."

Na kwa muguu mufupi akapata dawa, na ni dawa moja tu iliyokuwa mu hii habari, iandike: kiatu. Alimupeleka kwa mushona-viatu, akabandika chini ya kiatu ya kushoto vipande ya pneu, ile mupira ya gurudumu ya camion, moja juu ya ingine, mpaka mabega ya Adolphe ikawa sawa. Mimi nilifikiri: camion ilimufupisha huyu ndugu yangu, na camion inamurefusha.

Mimi pia nilimufundisha. Nimebeba maji tangu utoto, kutoka chini kwenye source, kwenye chemchemi, na Kisangani hawakunifundisha. Nilimuambia: usiangalie chungu, chungu haiendi bila weye; angalia mahali unaenda. Mabega ilale. Usikaze mikono, maji inajua kama unaogopa. Fulgence alisema ni sawa, na kwamba kwa Kifaransa ina jina. Nikamuambia abaki nayo.

Adolphe alizungusha chungu ya maji mu lupango kila siku akitoka sokoni. Mwanzo alimwagia lupango nzima. Mama alipanda mboga ya lenga-lenga mahali anapita, na ikaota vizuri sana. Halafu lenga-lenga ikaanza kukauka, na ni hivyo tulijua anaendelea. Mwisho alitembea kutoka jikoni mpaka kwenye mulango ya avenue, chungu imejaa, hakuna tone. Na kiatu ile, yaya yangu alikuwa mutu mumoja. Mama alimuangalia, akaingia ndani ya nyumba, akakaa kule muda murefu.

Tukaenda. Ilikuwa ule mwaka Léopards, timu yetu ya taifa, walienda Ujerumani kucheza na kurudi bila goli hata moja, na sitaongea juu ya ile. Kwetu, kwenda kwa wakwe bila viatu ni tusi. Mutu asiye na viatu anaazima. Mama aliazima za jirani Bernadette, zilimubana mpaka akatembea kama Adolphe wa zamani. Baba alivaa buti. Mimi nilivaa viatu ya kisigino, juu ya majani ya ng'ombe, unaweza kufikiri. Adolphe alivaa viatu yake, imepakwa rangi nyeusi mpaka pneu haikuonekana.

Kilima ya muzee Félicien ni ya muviringo, majani mafupi, hakuna miti mingi. Lupango ya ng'ombe iko chini, nyumba iko juu kabisa. Njia ilikuwa moja, inapanda kwa kunyooka kutoka chini mpaka juu. Tulipofika tuliona watu wote kule wako miguu mitupu, wazee, wamama, hata Honorine na robe yake muzuri. Siye tulifikiri ni watu wasiojali. Wao waliona viatu yetu, wakafikiri vile vile. Hakuna aliyesema, kwa sababu sisi wote tulikuwa watu wa heshima.

Salamu ikapita, ng'ombe zetu zikaangaliwa meno. Muzee Félicien akakaa juu mbele ya mulango yake, mudogo kabisa kutoka kule chini. Honorine alisimama kando yake. Mama Brigitte akaleta chungu, imejaa mpaka maziwa ilivimba juu ya mudomo. Adolphe akanyoosha mikono.

"Viatu," mama Brigitte akasema.

"Viatu gani, mama?"

"Vua. Mbele ya maziwa watu wanavua."

Hakuwa na ubaya, sitamusingizia. Alishangaa tu kwamba mutu muzima hajui. Mimi nilimuangalia Fulgence. Fulgence alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue hakuna maelezo iliyotoka. Miezi yote ile, kitovu, magoti, mwendo ya maziwa, na hakuna hata mumoja wetu aliyeuliza kama wakwe wanavaa viatu.

Adolphe akakaa kwenye jiwe, akafungua kamba. Aliweka viatu yake kando kando, moja mufupi na moja murefu, na wote wakaviangalia. Mutu akacheka kule nyuma. Yaya yangu akasimama, akashuka upande moja, akapanda upande ingine. Wale watu wawili walikuwa wamerudi.

Akapokea chungu. Akakanyaga muguu ya kuume kwenye njia, maziwa ikatulia. Akakanyaga ya kushoto, na maziwa ikakimbilia mudomo ya chungu, ikasimama pale, ikatetemeka. Haikumwagika. Adolphe akarudisha muguu, akabaki amesimama kwa moja tu, ingine inagusa majani kwa vidole. Nilisikia mama yangu anaanza Salamu Maria. Mama Brigitte akamuambia mutu wa kando: "Si nilisema?" Lakini sauti yake haikuwa na furaha.

Adolphe aliangalia njia. Halafu aliangalia kilima. Aliiangalia muda, kutoka mukono moja mpaka ingine, kama anapima kitambaa. Halafu akageuka kuume, akaacha njia, akaenda zake.

"Anaenda wapi?" baba akauliza.

Alikuwa anaenda kando ya kilima, mu majani, amempa muzee Félicien ubavu. Wajomba ya Honorine wakasimama. Mumoja akapaza sauti: "Anakimbia na chungu! Chungu ile ni ya bibi yangu!" Mimi nilitaka udongo ifunguke niingie, na viatu yangu ya kisigino ilikuwa imekwisha kuanza kuingia. Nikafikiri: yaya, mwaga tu tuende nyumbani, lakini usiibe.

Ni Fulgence aliyeona kwanza. Akanishika mukono mpaka ikauma. "Kiwanja," akasema. "Godelive, kiwanja! Kilima iko kushoto!"

Nikaangalia tena. Kweli. Muguu mufupi ilikuwa inakanyaga juu, murefu inakanyaga chini, na yaya yangu katikati iko sawa kama meza. Magoti imekunjwa kidogo. Mabega imelala. Macho mbali. Hakuangalia chungu hata kidogo. Akaenda hivyo, taratibu kuliko maziwa, mpaka akapita nyuma ya kilima na hatukumuona tena.

Tukangoja. Ng'ombe moja akalia. Mjomba ya Honorine akasema sasa iko Kasenyi. Mama alimaliza Salamu Maria, akaanza ingine, na baba ambaye hasali akaitika.

Akatokea upande ile ingine. Na alikuwa juu kidogo kuliko mahali alianzia. Akapita mbele yetu, juu ya vichwa, hakutusalimu, akazunguka tena. Kila akirudi, alikuwa juu zaidi na muzunguko ni mudogo zaidi. Watu walianza kugeuza shingo pamoja naye, wetu na wao. Mama Brigitte alikuwa ameshika kichwa kwa mikono mbili. Kwa muzunguko ya mwisho nilimusikia ananong'ona, "Pole pole, mutoto, pole pole," na nilimusamehe kila kitu.

Alifika kwa muzee kutoka nyuma ya nyumba. Muzee Félicien alilazimika kugeuza kiti. Na pale, Yesu wangu, ndiyo tuliona jambo ambalo hakuna aliyefikiri: mbele ya nyumba wameichimba na kuisawazisha, udongo safi, inafagiliwa kila siku. Ilikuwa sawa. Hakuna kilima. Kutoka mahali majani inaishia mpaka kwenye kiti ya muzee ilikuwa umbali ya kupita mu chumba, na Adolphe akasimama kwenye ukingo wake na chungu yake, miguu ya meza imemuishia. Kutoka chini niliona mabega yake inaanza kuamuka.

Honorine akatembea. Hakukimbia, alitembea tu, kama anaenda kuleta kiti. Akazunguka mbele yake, akasimama mukono yake ya kushoto, akaingiza bega chini ya kwapa yake. Adolphe akamuegemea. Wakavuka pamoja, muguu kwa muguu, na upande ya kushoto haikushuka.

"Hapana!" mjomba mumoja akapiga kelele. "Haijafanyika hivyo hata siku moja!"

Muzee Félicien alikuwa amekwisha kupokea chungu. Akaangalia mudomo yake, imekauka. Akaangalia udongo, imekauka. "Imesemwa mukwe abebe maziwa," akasema. "Hizi mikono ni ya nani?" Akakunywa. Alikunywa muda murefu, halafu akapangusa ndevu na kumuuliza Adolphe, "Na kwa nini umezunguka?"

"Njia ya kunyooka haikubali miguu yangu, papa."

Muzee akafikiri. Siye tulikuwa tumepanda mbio kutoka chini, viatu mukononi, tukasikia vizuri maneno aliyosema. Alisema: "Ng'ombe pia anapanda kilima hivyo. Anapitaga kwa ubavu. Ni watu tu wanaopanda kwa kunyooka, halafu wanafika wakihema." Na kwa mutu wa ng'ombe, hakuna sifa inayopita ile. Mama Brigitte akapiga vigelegele ya kwanza.

Basi hiyo ndiyo dawa. Wameoana mu kanisa, wamepata watoto, miguu ya watoto ni sawa, nimeipima mwenyewe. Adolphe alicheza ballon mpaka miaka ya themanini, mi-temps moja moja, mpaka siku Chama ilileta mashini kusawazisha kiwanja yetu kwa ajili ya ngoma ya wageni. Waliisawazisha vizuri sana. Adolphe akawa muchezaji mubaya kwa mi-temps zote mbili, akaacha. Watu waliuliza kama hakusikitika. Alisikitika, alikaa kwenye mashini siku nzima bila kupiga pedali, halafu akapiga.

Kwenye kilima ya muzee kungali ile njia yake ya kuzunguka. Kila akienda kusalimia wakwe anapita pale, kupanda na kushuka, na ng'ombe wanaifuata.

Lakini hapa Bunia barabara ziko sawa, na kiatu ile ya pneu inamuchoma kwa jua, haivai sana. Jumapili wakitoka misa, naonaga Honorine anatembea upande ya kushoto. Kila mara. Wakivuka barabara na akajikuta kuume, anazunguka nyuma yake, anarudi kushoto, anaingiza bega. Jua ikiwa upande ule, inamupiga usoni, haachi. Siku moja nilikasirika, nikamuuliza mbele ya watu: mama, kwa nini usipite kwenye kivuli kama mutu mwenye akili?

Honorine aliniangalia kama nimeuliza kitu ya kitoto.

"Godelive," akasema, "nitapitaje kule? Kilima iko upande huu."